Kwenda Nata na Mama Mkwe Kutafuta Kisu cha Kukunja

Tangu nirudi, kila anayeleta suruali ya kupunguzwa hapa kibarazani kwangu Nkende anaanza na swali moja: ni kweli? Wengine wanauliza hata suruali haijatoka kwenye mfuko. Nimesimulia mpaka mguu unasahau kukanyaga cherehani, na kila ninayemsimulia anaondoka akiongeza lake. Juzi nimesikia kwamba nilivuka Mto Mara nimembeba mama mkwe mgongoni. Nimechoka. Naandika yote hapa, karatasi nitazitundika ukutani karibu na kioo, na atakayeuliza tena nitamwonyesha kwa kidole huku pini zikiwa mdomoni.

Nyarero: jinsi nilivyojitafutia balaa

Kwa wasiomjua, Mzee Mwita wa Nyarero ni baba wa mke wangu, Bhoke. Meno ya mbele hana hata moja, na ya nyuma yamebaki mawili ambayo hayaelekeani. Lakini nyama anakula kuliko mimi. Siri yake ni kisu cha kukunja, kazi ya mhunzi wa zamani, bapa fupi linaloingia ndani ya mpini wa pembe ya ng'ombe. Kinakaa mfuko wa kulia wa koti lake tangu ujana. Anakatia nyama vipande vidogo kama punje za mahindi na kuvimeza kimoja kimoja huku akiongea, na wewe mwenye meno yote unajikuta umeachwa nyuma. Kisu kingine hakitaki. Kiliwahi kupotea siku nne kwenye majani ya ng'ombe. Mzee hakugusa nyama, na kwa kuwa hakugusa nyama hakugusa na ugali, akakaa anatazama ukuta mpaka ndugu wakaanza kuitana.

Mwezi uliopita alikuwa anakwenda kwa dada yake ng'ambo ya Sirari. Akaniita.

"Chacha, wewe una mtu anayenoa mikasi yako. Mpelekee na hiki. Jumapili ya wiki ijayo nikirudi nataka kula."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Shemeji zangu wanne wapo, wana wa kuzaa, na hakuna aliyewahi kukishika. Nilitoka pale natembea kifua mbele.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Mnajua hali ilivyo tangu rashi ya dhahabu ianze, kila mtu kukimbilia kuchimba. Hakuna mtu Tarime anayetembea akiangalia mbele. Wote tunaangalia chini, hata padri. Nikiwa nusu ya njia nikaona jiwe limejitokeza kwenye ukingo wa barabara, linang'aa. Nikapita. Nikarudi. Nikajiambia nichokonoe kidogo tu. Mkononi sina chombo kingine ila kisu cha mzee.

Kak! Bapa likakatika katikati na mpini ukapasuka. Kilichokuwa kinang'aa ni ulanga mtupu, si dhahabu.

Ilinichukua siku nzima kupata ujasiri wa kurudi Nyarero. Mzee alikuwa ameshaondoka, nyumbani yupo mama mkwe, Mama Bhoke. Na hapo lazima nieleze kitu kwa ajili ya wateja wangu wa kutoka mbali. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani kitu mkononi, hawasemezani moja kwa moja. Si ugomvi, ni heshima, na Mama Bhoke ana heshima kuliko wanawake wote wa Nyarero. Nina miaka sita ndani ya ndoa na sura yake naijua kwa picha ya harusi, ambayo nayo ameinamisha kichwa.

Kwa hiyo nilisimama nje nikamweleza Bhoke, aliyekuwa kwao na kichanga cha wiki mbili, na Bhoke akaingia jikoni kumweleza mama yake. Jikoni sufuria ikawekwa chini taratibu mno. Bhoke akatoka.

"Mama anasema aliyevunja ndiye atakayetafuta. Fundi aliyetengeneza kile alikuwa wa kwao, upande wa Nata, na mwanawe bado anafua. Lakini ukienda bila mtu wa kwao, anakufukuza."

"Nani atanipeleka?"

Bhoke alitazama mlango wa jikoni. Mlangoni palikuwa na kikapu kimeshafungwa.

Nkende hadi Nyamwaga: dereva mpatanishi

Mimi ni fundi nguo, na fundi haendi mahali bila vipimo. Nilipima vile vipande kwa futi yangu, nikachora kisu chote kwenye karatasi ya pateni ninayokatia nguo, urefu, upana, mpaka unene wa mpini. Nilikuwa na uhakika kwamba kwa karatasi ile hata mhunzi kipofu angenitengenezea kisu.

Tulipata pikapu iliyokuwa inarudi Nyamwaga kuchukua ndizi. Mama Bhoke akakaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia. Dereva alikuwa mgeni, mtu wa Singida, mpole, mzee wa kanisa. Hakujua mila zetu, na hakuna aliyemweleza.

Kilomita ya kwanza Mama Bhoke alimwambia, "Baba, mwambie huyo wa nyuma ashike kofia, kuna upepo." Dereva akatoa kichwa dirishani akaniambia. Nikajibu, "Mwambie mama nimeshika." Ikawa hivyo njia nzima, na tulipokaribia Nyamwaga, "Mwambie asikalie lile gunia, lina mayai." Nikajibu, "Mwambie mama asante, ila amechelewa."

Mzee wa kanisa akasimamisha gari.

"Mama, mimi ni dereva au ni barua?" alisema. "Kuna nini kati yako na kijana wako?"

"Hakuna kitu. Tunaheshimiana."

"Watu wanaoheshimiana hawawezi kutazamana?"

Hakungoja jibu. Alishuka, akanishika mkono kwa upendo kabisa, akanivuta hadi mlango wa mbele. "Kijana, mwombe mama yako radhi. Hata kama ni yeye aliyekosa." Nikavuta mkono, yeye akavuta. Mama Bhoke alipoona nasogea, akafungua mlango wa upande wa pili akatoka mbio na kikapu chake. Dereva akaniachia akamfuata, anamwita kwa mistari ya Biblia. Nami nikaona akimshika atamgeuza uso unielekee, nikaruka mtaro nikakimbia upande wangu.

Tulikuwa tumeshafika pale sokoni Nyamwaga. Soko zima lilisimama. Wale wote wanajua mila, walielewa mara moja, na hakuna hata mmoja aliyesaidia. Walicheka mpaka muuza nyanya mmoja akakaa juu ya nyanya zake. Dereva alituacha pale akitikisa kichwa, akasema atatuombea.

Nyamwaga hadi Nyamongo, kwa miguu: bibi anayeongea na mawe

Kutoka pale tulitembea. Mimi mbele, yeye nyuma, hatua kama hamsini kati yetu, ili mimi nisimwone na yeye ajue naelekea wapi. Dereva hatuna tena, mtu wa kutumwa hakuna. Nikawa najiuliza itakuwaje tukifika njia panda. Tulipofika, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe jiwe! Mwambie huyo aliye mbele apinde kulia."

Niligeuka kidogo tu, nikaona fimbo yake imegusa jiwe kando ya njia. Nikaelewa. Nikatafuta jiwe langu.

"Jiwe, mwambie mama nimesikia."

Tukaendelea hivyo hadi Nyamongo, na nawaambia kweli, ilikuwa rahisi kuliko dereva.

Nia yangu ilikuwa tumalizie pale machimboni. Watu wamejaa, wahunzi lazima wapo, nikajiambia Nata ya nini. Wahunzi walikuwepo watatu. Wote watatu walikuwa wananoa moko, zile patasi za chuma za kuchongea mwamba, na wenye moko wamepanga foleni hadi nyuma ya vibanda. Nilipotaja kisu cha kukunja, mmoja aliweka nyundo chini ili acheke vizuri.

"Kisu, mura? Kijana, kisu kinapasua mwamba gani?"

Visu nilivyooneshwa dukani vilikuwa vya bati la rangi, bapa linacheza kama jino la mtoto. Mama Bhoke alikuwa amesimama mbali kidogo, amejifunika kanga, anaona yote. Akagonga jiwe kwa fimbo.

"Wewe jiwe, mwambie huyo hapa hakuna kitu. Nakwenda kukaa kule chini penye kivuli, miguu imechoka."

Akaenda akakaa. Nikamfuata, nikakaa upande wa pili wa kichaka, nimempa mgongo. Mchimbaji mmoja mwenye kofia ya sufu na vumbi hadi kwenye kope akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Kaka, yule bibi anaongea na nani?"

"Na jiwe," nilisema, maana ndiyo kweli.

"Na jiwe linajibu?"

"Hapana. Ninajibu mimi."

Hapo ningeeleza mambo ya ukwe, yangeisha. Lakini nilikuwa na njaa na hasira, nikatoa karatasi yangu ya pateni kuangalia vipimo upya. Yule mtu aliona mchoro mrefu, una ncha huku, umepinda kule, una namba kila upande, kama ramani ya dhahabu. Akanyanyuka polepole, akarudi nyuma bila kunipa kisogo.

Haikuchukua muda kikaja kiti. Kikaja cha pili, cha mama. Wakaja na wali, nyama ya kuchemsha, na soda mbili, kitu ambacho pale machimboni wanampa mgonjwa au mwenye leseni ya mgodi. Mama Bhoke alidhani ni ukarimu tu, na kwa kuwa ni mtu wa shukrani akawabariki wote, kila mmoja kwa mkono juu ya kichwa. Walipanga foleni. Mhunzi aliyenicheka naye alikuwa ndani ya foleni, na moko yake.

"Wewe jiwe," akasema mama, "mwambie huyo watu wa hapa ni wema sana."

Watu thelathini waliinama kutazama jiwe ni lipi.

Tulilala pale, mama kwa mwanamke mmoja anayeuza chakula, mimi kwenye benchi. Asubuhi nilipoamka, pale chini ya kivuli alipokuwa amekaa hapakuwa na kivuli tena. Kichaka kimekatwa na shimo limeshafika kiunoni mwa mtu. Yule wa kofia ya sufu alinipungia mkono kutoka ndani. Nikamwambia jiwe lililokuwa karibu kwamba mama aamke tuondoke haraka.

Mto Mara: viti viwili, migongo miwili

Kivukoni palikuwa na mtumbwi mmoja na mwenye mtumbwi mmoja, mtu mfupi asiyependa mchezo.

"Wote wawili mkae katikati. Mkikaa mbali mtumbwi unalala ubavu."

Nikamweleza kwamba huyu ni mama mkwe. Yeye mwenyeji, akaelewa, akakuna kichwa. Akatupanga mgongo kwa mgongo, na kwa kuwa hata migongo haifai kugusana, akaweka kikapu cha mama katikati. Mimi natazama mto unakotoka, mama anatazama unakokwenda. Tukaanza.

Katikati ya maji, upande wangu, nikaona masikio mawili na pua.

"Mwambie mama upande huu kuna kiboko," nilimwambia mwenye mtumbwi.

"Mwambie huyo," mama akasema kwa utulivu, "upande huu kuna mamba wawili, na mmoja ameingia majini."

"Mimi nawaona wote," mwenye mtumbwi akasema. "Nyamazeni, kila mtu aogope na wake."

Nataka niseme kitu ambacho kibarazani huwa nakiruka. Niliogopa sana. Na katika kuogopa kule nikasikia kikapu kinasukumwa kidogo nyuma yangu, nikajua na yeye anatetemeka. Nilijua wakati ule kwamba mama huyu, pamoja na miguu yake ile, ametoka nyumbani si kwa sababu yangu. Anamfikiria mzee anayetazama ukuta. Nikakishika kikapu kwa upande wangu ili kisiyumbe.

Mugumu: nani anakula kwanza

Ng'ambo tulipata tela la trekta hadi Mugumu. Mimi kona ya mbele, yeye kona ya nyuma, katikati mbuzi na watu wao. Hakuna la kusimulia isipokuwa vumbi.

Mugumu tuliingia hotelini, na hoteli ilikuwa na chumba kimoja. Hatuwezi kula pamoja. Nikatoka nje ili ale kwanza. Yeye naye, kwa heshima, alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma ili mimi nile kwanza. Mhudumu alileta sahani mbili kwenye chumba kisicho na mtu. Nikasubiri nje nikiamini anakula. Akasubiri nyuma akiamini nakula. Ugali ulipoa, mchuzi ukaganda. Mwishowe mhudumu akatoka akiwa amekasirika kabisa.

"Kama hamna njaa, kwa nini mmeagiza?"

Alinipa sahani yangu nikala nimesimama barabarani, nikitazama ukuta wa posta. Wazo la Mzee Mwita likanijia, nikarudisha sahani na ugali nusu.

Nata: vipimo vyangu vinafanya kazi ya leso

Tulilala Mugumu, na asubuhi tukapata gari hadi Nata. Mhunzi anaitwa Mzee Wambura, na amekaa nje kidogo ya kijiji, kwenye banda lenye mvukuto wa ngozi na chuma chakavu cha kila gari lililowahi kufia wilaya ile. Ni mtu wa maneno mengi na majivuno. Mama Bhoke ni wa ukoo wao, kwa hiyo kwake aliongea kwa mdomo wake bila jiwe, kwa lugha yao, na akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Nilikaa nje ya banda nimewapa mgongo, najisikia kama mzigo uliofikishwa.

Mzee Wambura akaja na vipande vya kisu mkononi.

"Hiki alifua baba yangu. Nani kakivunja?"

"Mimi, mzee. Shikamoo."

"Kwenye nini?"

Nilikuwa nimeandaa hadithi ya mfupa wa ng'ombe. "Kwenye jiwe," nikasema. "Lilikuwa linang'aa."

"Wote mmeugua," alisema. "Wananiita Nyamongo kila siku nikanoe moko. Nikawaambia moko haina mwenyewe. Leo ya huyu, kesho ya yule, keshokutwa iko shimoni. Kisu kina mwenyewe." Akaninyang'anya karatasi ya pateni niliyokuwa nimemnyooshea, akaigeuza, akafuta nayo jasho la shingo na kuirusha motoni. "Wewe ni fundi nguo, siyo? Kisu si suruali. Niambie, mwenye kisu anakifungaje?"

"Anakifunga... kwa mkono."

"Kwa mkono! Kwa kidole gumba au kwenye paja? Taratibu au kwa nguvu?"

Sikujua. Nimekula na mzee yule miaka sita, na macho yangu yote yalikuwa kwenye nyama.

Ndani ya banda Mama Bhoke akaanza kusema, safari hii kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. Alisema kisu kile hajawahi kukitazama sana, lakini anakisikia. Mzee hula sebuleni na wageni, yeye yuko jikoni. Mzee akimaliza hasemi nimemaliza. Anakunja kisu, kinalia, na yeye akisikia mlio ule anakwenda kuchukua sahani. Ndivyo walivyoishi tangu aolewe. Mlio mwingine hawezi kuuamini.

Mzee Wambura alifurahi kupita kiasi. Alileta debe lililojaa visu vya kukunja, kazi ya miaka, maana tangu rashi ianze hana mnunuzi. Mama akageukia ukuta. Mhunzi akawa anakunja kimoja kimoja.

"Hicho kinakohoa," mama akasema.

Kingine.

"Huo ni mlango wa choo."

Kingine.

"Hicho karibu. Lakini kina haraka. Mzee hana haraka."

Walimaliza debe zima. Mimi nilikuwa nahesabu siku, maana ilikuwa Ijumaa na Mzee Mwita anarudi Jumapili. Mzee Wambura hakujali siku. Alichukua springi ya lori akaitia motoni, akafua bapa jipya, akachagua pembe iliyokauka miaka, akatoboa, akapiga ribiti ya shaba ya kushikilia bapa. Niliagizwa kuvuta mvukuto, na nilivuta mpaka mikono ikawa si yangu. Jua lilikuwa linaelekea kushuka alipokikunja mara ya kwanza.

"Bado," mama akasema. "Kimevimba."

Akasugua pembe kwa ndani, akakunja.

"Bado kidogo. Hicho ni cha kijana."

Akageuza kisu, akaipiga ribiti nyundo moja ndogo, kama mtu anayebisha hodi kwa wagonjwa. Akakunja.

Tak.

Mama Bhoke aliinuka. Akajifunga kanga vizuri, akapiga hatua tatu kuelekea mlangoni kuchukua sahani ambayo haikuwepo. Alipofika mlangoni ndipo alipokumbuka yuko wapi.

"Ni hicho," alisema.

Nata hadi Nyarero: siku ya kula

Tulirudi kwa barabara ya juu, kwa lori la pamba mpaka Makutano na jingine la mahindi hadi Tarime. Ndani ya hilo la pili kijana mmoja alikuwa anawasimulia wenzake habari za bibi mmoja aliyetokea Nyamongo, anazungumza na mawe, na shimo lake limeanza kutoa dhahabu. Kidogo, alisema, lakini linatoa. Kona ya pili ya lori mama mkwe wangu alijifunika kanga mpaka juu ya macho.

Jumapili Mzee Mwita alifika mchana. Nikampa kisu kwa mikono miwili, nimeinama, sikusema neno. Mpango wetu, uliopitia kwa Bhoke, ulikuwa tusiseme neno. Nyama ikaja. Mzee akafungua kisu, akakata punje, akameza. Akakata nyingine. Mimi sikula, nilikuwa nahesabu anavyomeza. Sahani ikaisha. Akakunja kisu, tak, na jikoni nikasikia miguu inaanza kuja, nikageukia ukuta kama kawaida, sahani ikaondoka.

"Chacha," mzee akasema. "Umenoa vizuri. Nilijua nikikupa wewe sitajuta."

Kama angenyamaza, leo siri ingekuwa salama. Lakini sifa ile ilinichoma. Nilipiga magoti nikasema yote, jiwe, ulanga, kak. Nikasema anifukuze tu.

Mzee alitoa kisu tena akakigeuza.

"Nilijua nilipokata mara ya kwanza," alisema. "Kile changu kilikuwa na pengo karibu na ncha. Kila kipande kinabaki na uzi, uzi unanikwama kooni. Miaka mitano nataka kingine, lakini utaachaje kisu ulichozeeka nacho? Watu watasema nini?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Hii ni kazi ya Nata. Yule mhunzi hapokei mgeni. Nani alikupeleka?"

Nikatazama sakafu.

"Chacha. Umesafiri na nani?"

"Mzee..."

"Mpaka Nata? Na mama mkwe wako?" Alisimama, na koti likabaki kwenye kiti. Kisu nilichovunja kilikuwa kitu kidogo, niliona usoni mwake. Hili lilikuwa jambo. "Mmekaa gari moja? Mmevuka mto pamoja?"

Sauti ikatoka jikoni, kali, na haikutafuta jiwe lolote.

"Mimi sikusafiri na mtu! Nilikwenda kwetu kusalimia. Kama mbele yangu kulikuwa na mtu anatembea, ile ni barabara ya serikali!"

Mzee Mwita alikaa chini. Akajaribu kukaza uso, ukashindikana. Alicheka mpaka yale meno yake mawili yakaonekana yote, akacheka mpaka akashika mbavu, na kila akinyamaza alisema "barabara ya serikali" akaanza upya. Kisha akafuta macho, akadai asimuliwe safari yote, akatoa hukumu. Heshima imevunjwa, haiwezi kupita hivi hivi. Nilete mbuzi. Akishaliwa, mimi na mama yangu tutatazamana na kusalimiana kama watu, maana walioogopa pamoja mtoni hawawezi kuendelea kujifanya hawajuani.

Mbuzi nilimleta Jumapili iliyofuata, beberu mkubwa. Mzee alikata na kumeza mpaka jirani wakaja kushuhudia. Nyama ilipofika nusu akaita jikoni. Mama Bhoke akatoka. Akashusha kanga kutoka kichwani, akasimama mbele yangu, akanitazama. Ana macho ya Bhoke, yale yale, na kovu dogo kwenye nyusi ambalo kwenye picha halionekani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu. Nikadhani imekwisha. Akaendelea, taratibu. "Na ile ya siku ya harusi, marahaba. Na ya siku mlipomzika mtoto wenu wa kwanza, uliponiamkia kupitia kwa Bhoke na sauti yako nikaisikia ukutani, marahaba, mwanangu. Na ya kule mtoni."

Mzee alijifanya anakata nyama.

Mama Bhoke alichukua sahani mezani, akaijaza, akaniletea yeye mwenyewe, akanipa mkononi. Akaniuliza kama nimeshiba. Nikamwambia bado.